Wazazi wa Kikristo, hivi nyumbani mnawapa watoto karatasi tupu au ni zile picha za kupaka rangi tu?

TichaWaJumapili

Bwana asifiwe wapendwa, na wa Tumsifu Yesu Kristo nawasalimu, na wale msiosali popote vuteni viti tu uzi ni wa wote.

Kuna jambo linanikereketa muda mrefu. Mi nafundisha watoto kanisani, umri wa miaka minne mpaka tisa hivi, huku njia ya Segerea. Ratiba yetu inajulikana kanisa zima: nyimbo, hadithi ya Biblia, halafu unagawa fotokopi ya safina ya Nuhu iliyochorwa na mtu huko asikojulikana, mtoto apake rangi ndani ya mistari. Akitoka nje ya mstari anaambiwa umechafua. Akimpaka twiga bluu anaambiwa twiga gani wa bluu. Mwisho wa kipindi una twiga thelathini waliofanana kama sare za shule na wazazi wanasema ooh watoto wamejifunza leo.

Wamejifunza nini jamani? Wamejifunza kukaa ndani ya mstari basi.

Jumapili moja umeme ulikatika tangu alfajiri, stationeri imefungwa, fotokopi hamna. Nikachukua karatasi zilizochapwa upande mmoja nikawapa ule upande mweupe. Hadithi ilikuwa Marko 4, Yesu anatuliza dhoruba. Nikasema choreni mlichosikia, sikuweka mfano ubaoni. Wakubwa wa miaka nane tisa waligoma kwanza, "ticha mi sijui kuchora", wadogo hata hawakunisubiri nimalize sentensi.

Kuna mmoja ana kama miaka sita hivi alichora pantoni ya Kigamboni. Si mashua ya Galilaya, pantoni kabisa, ina ule mlango wa chuma wa mbele, ndani kuna bajaji mbili na mama kabeba ndoo ya samaki kichwani, Yesu kalala juu kule kwenye ngazi. Chini maji unayaona mpaka ndani, samaki, na kitu kama nanga. Yesu alikuwa mkubwa kuliko bajaji. Nikamwambia hebu nielezee, akaelezea yooote, nikauliza mbona Yesu mkubwa hivi na wenzake wadogo? Akanitazama kama mi ndo sielewi, akasema "si wengine wamejikunyata."

Sasa niambieni kwenye fotokopi ile ningeyapata wapi hayo. Huyo mtoto kaelewa hofu na kaelewa nani hakuogopa, na kaielewa kwa bahari anayovuka na mama yake kwenda Feri.

Hoja yangu ni kwamba tumewajaza watoto picha zilizokwisha kuchorwa, halafu tunashangaa imani yao inakuwa ya kukariri. Mnaonaje? Na nyumbani kwenu hali ikoje?

MamaTabata

Nimecheka pantoni 😂😂 huyo mtoto ni mjumbe.

Dada ticha kwangu shida si karatasi, shida ni ukuta. Tumepanga chumba na sebule, mwenye nyumba anaishi mlango wa pili, na huyu wangu wa miaka mitatu kila akipata peni ni ukutani. Baba yake akirudi kazini ni kelele, mara huyu mtoto ana nini, mara unamlea vibaya. Na anachochora chenyewe ni duara kubwa lina macho halafu miguu imetokea kichwani, hakuna tumbo hakuna chochote. Mama mkwe kasema tumpeleke akaombewe eti anaona watu wasio na kiwiliwili.

TichaWaJumapili

Mama wa watu mwambie mama mkwe kwa heshima zote, huyo mtu wa kichwa na miguu kila mtoto anamchora! Ni karibu dunia nzima, Mmakonde, Mjerumani, Mjapani, wakifika miaka mitatu kwenda minne wanaanza na huyo huyo. Kabla ya hapo kuanzia kama mwaka mmoja na nusu ni kuvurugavuruga tu mistari, anafurahia mkono unaacha alama. Halafu duara, halafu duara linapata macho na miguu. Mwili unakuja baadaye. Miaka mitano mpaka saba utaona anaweka mstari chini ndo ardhi, anga liko juu kabisa na jua kwenye kona, na nyumba unaona mpaka ndani, kitanda, sufuria, bibi amekaa. Mtoto wa umri huo hachori anachokiona, anachora anachokijua. Anajua bibi yuko ndani kwa hiyo ukuta haumzuii. Ndo maana hata yule wangu alichora samaki chini ya maji, anajua wapo.

Ukifika miaka tisa kumi ndo kuna hatari. Hapo anataka kifanane na kitu chenyewe, akiona hakifanani anaacha, na watu wazima wengi mnaosema "sijui kuchora" mliachia hapo hapo. Kuna bwana mmoja mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, Viktor Lowenfeld, aliandika kitabu 1947 kuhusu hizi hatua na walimu wa sanaa wanakitumia mpaka leo. Yeye hivi vitabu vya kupaka rangi alikuwa havipendi hata kidogo, alisema vinamfanya mtoto asijiamini mkono wake mwenyewe. Akishaona ng'ombe wa kitabuni aliyenyooka, wake anauona mbaya.

Ukuta: kwa mlango wa chumba chini kuanzia sakafuni mpaka urefu wake, bandika boksi lililofunguliwa (maboksi ya friji ndo mazuri, waulize wauza vyombo). Mwambie hapa ni pako, kule ni pa mwenye nyumba. Usimwambie "usichore", mwambie pa kuchora. Na mkikubaliana na mwenye nyumba pakeni rangi ya mafuta kipande cha chini, kreyoni inafutika na kitambaa chenye sabuni.

MpendwaKimara

Bwana Yesu asifiwe. Mi naomba nitofautiane kidogo kwa upendo. Neno linasema wazi Kutoka 20:4 usijifanyie sanamu ya kuchonga wala mfano wa kitu chochote kilicho juu mbinguni wala chini duniani. Leo mtoto anachora Yesu, kesho anamchora malaika, keshokutwa anachora mazimwi ya katuni. Wangu alitoka shule na daftari limejaa majoka yenye meno na vichwa saba, nikachana nikachoma. Mlango wa adui unaanzia padogo. Tusiruhusu vitu ndani ya nyumba kwa kisingizio cha ubunifu.

BabaWatatu

Mpendwa vichwa saba si ndo Ufunuo 13 hiyo 😂 labda alikuwa anafanya homework ya Biblia

TichaWaJumapili

BabaWatatu acha utani mpendwa kaongea hoja, tumjibu.

Mpendwa soma mstari wa 4 usiache wa 5: usivisujudie wala kuvitumikia. Na ugeuze kurasa chache tu, kitabu hicho hicho, Kutoka 25 Mungu mwenyewe anamwambia Musa atengeneze makerubi mawili ya dhahabu juu ya kiti cha rehema. Makerubi si kitu cha juu mbinguni? Hekalu la Sulemani 1 Wafalme 6 na 7 lilikuwa na makerubi, mitende, maua yaliyofunuka, makomamanga. Ingekuwa kuchora kwenyewe ni dhambi hekalu lingekuwa ukuta mtupu.

Halafu kuna Bezaleli, ambaye mahubiri ya Dar sijui kwa nini hayamgusi. Kutoka 31, mwana wa Uri kabila la Yuda, Mungu anasema amemjaza roho ya Mungu katika hekima na maarifa na ujuzi, ili afanye nini? Ahubiri? Hapana, achonge vito, afanye kazi ya dhahabu na shaba na mbao. Na mwenzake Oholiabu wa kabila la Dani. Fundi kajazwa Roho kwa ajili ya kazi ya mikono, imeandikwa.

Ila upande wako pia nakupa haki yake. Nyoka wa shaba wa Hesabu 21 aliamriwa na Mungu, watu wakamtazama wakapona, halafu miaka mingi mbele 2 Wafalme 18 mfalme Hezekia anamvunja vipandevipande kwa sababu wana wa Israeli walikuwa wanamfukizia uvumba. Kitu kile kile. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtoto si umechora nini, ni unakifanyia nini. Mtoto wa miaka saba hafukizii uvumba joka lake, akimaliza analigeuza anachora gari upande wa pili.

Na majoka usichome kabla hujauliza. Watoto wanachora kinachowatisha ili wakipate saizi ya karatasi. Wangu alichora mbwa wa jirani wiki nzima, ana meno kama panga, siku hizi anampita tu.

MzeeWaUpanga

Vijana habarini. Mimi ni Mlutheri wa siku nyingi, niseme mawili.

Hili la picha makanisani si jipya. Mwaka 1522 pale Wittenberg, Ujerumani, kulikuwa na watu wakivunja picha na sanamu makanisani, wakiongozwa na mwalimu mwenzake Luther anaitwa Karlstadt. Luther akatoka mafichoni, akahubiri siku nane mfululizo kuwatuliza. Msimamo wake ulikuwa kwamba ukiitoa picha ukutani bila kuitoa moyoni hujafanya kitu. Na mwaka ule ule Agano Jipya lake la Kijerumani lilipochapishwa, kitabu cha Ufunuo kilikuwa na picha zilizotoka karakana ya mchoraji Cranach, majoka yote yamo. Mpendwa wa Kimara asinune, naeleza historia tu.

La pili, wapelekeni watoto waone. Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale karibu na Feri kuna vioo vya rangi nyuma ya altare, ingia mchana jua likiwa kali. Mjukuu wangu alikaa kimya dakika nyingi, na huyo hakai kimya hata akilala.

TichaWaJumapili

Shikamoo mzee. Asante kwa hilo la kimya nimelipenda, na wazo la kuwapeleka naliiba.

Rozari_na_Daladala

Marahaba yake nampokelea 😄 Mzee umewataja Walutheri na sisi Wakatoliki tuongeze. Papa Gregori Mkuu kwenye mwaka 600 hivi alimwandikia askofu wa Marseille aliyekuwa kavunja picha kanisani, akamwambia umefanya vema kuzuia zisiabudiwe ila hukupaswa kuzivunja, maana asiyejua herufi anasoma ukutani asichoweza kusoma kitabuni. Sasa mtoto wa chekechea si ndo huyo asiyejua herufi? Kwenye Utoto Mtakatifu, kile chama cha watoto, parokiani kwetu tunawachoresha Njia ya Msalaba kila Kwaresima, kila mtoto kituo chake, tunabandika kwenye kamba. Kuna Simoni Mkirene kavaa jezi ya Yanga. Paroko ni Simba, aliiacha.

BabaWatatu

Sasa wakuu tuongee hela. Haya yote mazuri lakini mtoto wangu wa darasa la tano anachora kwenye daftari la hisabati, anachapwa shuleni, nyumbani namnyang'anya. Kuchora kutamlisha? Shule ina kipindi kinaitwa Sanaa na Michezo, kwa uelewa wangu pale kwao ni mpira na kufyeka nyasi.

Chizi_wa_Rangi

BabaWatatu nipishe hapa mi ndo kazi yangu.

Uko Dar halafu unauliza kuchora kutamlisha? Nenda Morogoro Stores pale Oysterbay uwakute Tingatinga wamekaa wanachora watalii wakinunua. Mwanzilishi Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru 1932, hakusoma sanaa popote, alikuwa kibarua hapa mjini, mwishoni mwa miaka ya 60 akaanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi zile za kupakia baiskeli. Alifariki 1972, alikuwa amechora miaka michache sana, lakini mpaka leo watu wanakula kwa jina lake.

Gado mnayemjua kwa katuni za Kenya, huyo ni mtoto wa Dar, kazaliwa hapa 1969, aliacha kusomea usanifu majengo pale Ardhi akaenda Nairobi 1992. Leo magazeti ya nchi kibao yamemchapa.

Na kwa kuwa uzi ni wa Kikristo, nani anakumbuka Nyumba ya Sanaa? Ile ilianzishwa 1972 na sista wa shirika la Kikatoliki la Maryknoll, Sister Jean Pruitt. Sista! George Lilanga ambaye kazi zake zinauzwa Ulaya kwa pesa ambazo we na mi hatutazishika alipita pale. Sasa hivi pale Upanga pamesimama maghorofa lakini waliotoka mle wapo. Yaani mtawa aliona kijana ana mkono, hakumwambia kasali tu.

Ila niwe mkweli kaka, wengi hawali kwa uchoraji. Mi mwenyewe nachora mabango na kuta za shule za chekechea ndo kodi inalipwa. Kwa hiyo usimruhusu mtoto achore kwa sababu atakuwa Lilanga. Mpe daftari lake la kuchorea, kaunta buku ya bei rahisi, alibebe pamoja na la hisabati, uone kama ataendelea kuchafua la mwalimu.

BabaWatatu

Hilo la kaunta buku nimelichukua. La kwamba wengi hawali pia nimelichukua 😂

MamaTabata

Jamani kuna la kuuliza ila naogopa kuchekwa. Mkubwa wangu ana miaka saba anachora kila kitu cheusi. Jua jeusi, maua meusi, mimi mwenyewe mweusi tii. Nimesoma mahali kwamba mtoto akichora vyeusi ana huzuni au kuna roho inamsumbua.

TichaWaJumapili

Dada kwanza angalia ana peni ya rangi gani 😅

Sikutanii. Watoto wengi wa Dar wanachora vyeusi au bluu kwa sababu ndo peni iliyopo. Mwekee rangi nyingi mbele yake uone wiki mbili tatu. Rangi moja peke yake haisemi kitu, na hizi orodha za mtandaoni eti nyeusi ni huzuni nyekundu ni hasira usizibebe kama nabii. Mtoto anaweza kupenda nyeusi kwa sababu inakolea.

Lakini hapa naomba wazazi wote msome taratibu. Kama mtoto anarudia rudia picha ya mtu fulani anayemuumiza, au amebadilika pamoja na picha, halali usingizi, hataki kula, anaogopa mtu ambaye jana alimpenda, usicheke na usikimbilie maombi peke yake. Kaa naye mkiwa wawili, sauti ya kawaida, "niambie hapa kuna nini", halafu nyamaza. Usimtajie jina wewe. Usimuulize mbele ya huyo mtu. Kuna namba 116 ya msaada kwa watoto, ni bure, unaweza kupiga wewe mzazi. Picha moja si ushahidi lakini ni mlango, na mtoto akiufungua usiufunge kwa "acha kuchora upuuzi".

Na hata kwa picha za kawaida, msianze na "hii ni nini?" Akisikia hivyo anajua hujaitambua, anaona kakosea. Mwambie hebu nielezee. Halafu ukiandika jina lake andika nyuma, usichafue mbele kwa mwandiko wako.

MamaTabata

Asante dada. Nimeenda kuangalia sasa hivi, ni peni nyeusi ya baba yake ya kazini 🙈

Kigogo_Finest

Swali fupi, kwenye ibada ya jioni nyumbani mnawaacha wachore baba anaposoma? Kwangu baba mkwe anasema ni dharau kwa Neno.

MzeeWaUpanga

Kijana, mimi nimesikiliza mahubiri miaka mingi nikiwa nimekaa wima macho mbele, na ukiniuliza mengi yalihusu nini sikumbuki. Mtoto mikono ikifanya kazi masikio yanabaki kwenye Neno. Ila wakati wa kuomba weka penseli chini, hapo namuunga mkono baba mkwe.

TichaWaJumapili

Mzee kamaliza. Kwangu tunasoma kipande kifupi, tunachora, kila mtu anaonyesha, na baba pia anachora! Hapo ndo utamu ulipo maana baba hajui na watoto wanamfundisha. Msisome sura nzima jamani watoto wamechoka na joto la Dar hili. Mifano ya Yesu inafaa sana, mpanzi, kondoo aliyepotea, shilingi iliyopotea (tulipata mama anamulika chini ya kochi kwa tochi ya simu).

Rozari_na_Daladala

Na rangi ya Yesu je? Kwetu mtoto alimpaka kahawia katekista akamwambia Yesu si mweusi.

TichaWaJumapili

Uuuh hapo mnanichokoza. Alikuwa Myahudi wa Galilaya, jua la Mashariki ya Kati, yule wa kwenye kalenda mwenye macho ya bluu naye sijui alitoka Nazareti ipi. Kila taifa limemchora kwa sura ya kwao na hamna aliyelalamika mpaka alipofika Afrika. Miaka ya 70 kaskazini mwa Kamerun jamii ya Wamafa waliigiza matukio ya Injili wao wenyewe kijijini, yakapigwa picha, halafu zikachorwa, zinaitwa Jésus Mafa, ziko mpaka makanisa ya Ulaya. Yesu Mwafrika, wanafunzi Waafrika, vibuyu, nyumba za nyasi. Muonyeshe katekista. Mtoto mwambie tu kwamba Yesu alizaliwa Bethlehemu na hatuna picha yake, halafu muache na kahawia yake.

Kigogo_Finest

Vifaa sasa. Rangi za maji madukani bei imechangamka na zile za bei rahisi hazikolei.

Chizi_wa_Rangi

Jikoni kwako mna rangi. Manjano koroga na maji kidogo, unapata njano kali. Chukua nusu yake utie magadi chembe, inageuka nyekundu ya tofali hapo hapo, watoto wanapiga kelele kama umefanya muujiza. Rozela uliyochemsha ikakolea inatoa zambarau. Mkaa unajulikana. Zinapauka juani baada ya muda kwa hiyo usibandike dirishani. Gundi ni unga wa ngano na maji, upike kama uji mzito, upoe.

Rangi za mafuta za mabati na mageti msiwape watoto wadogo hata kama Tingatinga alitumia za baiskeli. Zina harufu kali, zingine zina madini ya risasi, na tapentaini ya kusafishia si ya kuchezea.

Ubao wa kuchorea nenda Keko kwa mafundi fenicha, vipande vya hadibodi na plaiwudi vinavyobaki wengi wanakupa kwa bei ya soda. Upande laini upake rangi nyeupe ya maji mara mbili, piga msasa kidogo kingo zisimchome.

MpendwaKimara

Nimesoma yote. Kwenye majoka bado sijakubali ila la Bezaleli nitalifuatilia, sijawahi kusikia likihubiriwa. Chizi, hizo hadibodi za Keko wanakata kwa saizi au unabeba kama zilivyo?

Chizi_wa_Rangi

Wanakata mpendwa, nenda asubuhi kabla mafundi hawajaanza kazi za wateja, na ubebe mfuko wa salfeti maana vumbi lake kwenye daladala watakushusha.